Waya Uliopakwa Mafuta ya Nazi

Kila nikifungua chupa ya mafuta ya nazi, macho yangu hutafuta taa ndogo ya kijani.

Ilikuwa sikukuu ya Idi. Mama alikuwa akinisuka kwa mafuta ya nazi, na dada alikuwa atupigie simu ya video kutoka Maskati, mara intaneti ikakata! Kompyuta ilikuwa sebuleni. Waya wake ulipita darini, ndani ya bomba, hadi kwenye kisanduku cha intaneti dukani kwetu mbele. Nikakimbia na nywele zilizosukwa nusu; kisanduku kinawaka vizuri.

"Basi waya huo!" nikapiga kelele, na baba akapanda ngazi.

Akauvuta. Ukatoka unang'aa, unanukia kama kichwa changu, na katikati panya wameutafuna.

"Nani kaupaka waya mafuta?"

"Mimi," mama akajibu. "Si ulikuwa unagoma kupita bombani siku ile tunauweka? Pete ikikubana kidoleni unafanyaje?"

Baba alicheka mpaka ngazi ikatikisika. Akashuka nao, akakata palipoliwa, akasokota nyuzi za ndani, mimi nikimtajia rangi: kijani na kijani, buluu na buluu! Akafunga kwa utepe mweusi wa kwenye boti za hifadhi ya bahari, alikofanya kazi. Taa ya kijani ikapepesa nyuma ya kompyuta. Nikaruka, nikampiga baba kichwa kidevuni.

Dada akatokea kwenye kioo cha kompyuta. "Shikamoo mama!"

"Marahaba mwanangu, marahaba!" Mama akamshika mashavu kwa vidole vyake vya mafuta, kioo kizima kikaingia ukungu. Baba akachukua kitambaa.

"Usimfute," mama akasema. "Mwache naye anukie kikwetu."