Vifukofuko vya Rangi ya Moshi

Miaka ile ya kuhamia vijijini, wakati vita vya ng'ambo ya Ruvuma vilikuwa havijaisha, bwana shamba alituletea sisi wanawake wa kijiji chetu, karibu na Newala, mayai ya nondo wa hariri na miche ya miforosadi ya kuwalisha viwavi wake. Kwa kuwa nilikuwa nimemaliza darasa la saba, nilipewa karatasi ya maelekezo niwasomee wenzangu.

Mayai ya kwanza yalipotea bure, maana miche haikuwa na majani ya kutosha; ilipokomaa yaliletwa mengine, yakaanguliwa, na viwavi wakala majani bila kupumzika.

"Hawa wanakula kuliko mume wangu," alisema jirani yangu.

"Lakini hawa wakishiba wanafanya kazi," akajibiwa.

Aliyewatunza kwa bidii kuliko sote alikuwa mama mmoja aliyekimbia vita na kuvuka Ruvuma kutoka upande wa Mueda na watoto wawili. Mwenyekiti wa kijiji alimwahidi kwamba akiifikisha mwisho kazi ile atapewa shamba lake mwenyewe. Mpaka wakati huo alikuwa akilima kibarua kwa watu.

Viwavi walipojisokotea vifukofuko, karatasi ilitaka wauawe kwa mvuke kabla hawajageuka nondo na kutoboa, maana kifukofuko kikitobolewa uzi wake unakatika vipande. Mvuke ni maji, na maji tuliyafuata bondeni, asubuhi nzima kwa ndoo moja.

"Mwanangu," yule mama akaniuliza, "joto tupu halitoshi?"

Nilifikiri kidogo, nikamwambia litatosha. Tukavipanga kwenye uchanja wa juu ya moto, pale tunapotunza mbegu za mahindi zisibunguliwe.

Wadudu walikufa wote. Vifukofuko vikawa vya kahawia, vinanuka moshi.

"Shikamoo," nilimwambia bwana shamba alipokuja kukagua.

"Marahaba," akaitika, macho yake kwenye ungo. "Hii haiuziki. Wanunuzi wanataka nyeupe."

Yule mama akauvuta ungo kwake.

"Kosa ni langu," nikasema. "Msomaji ni mimi."

Mwenyekiti, aliyekuwa amefuatana naye, akauliza, "Uzi upo au haupo?"

Bwana shamba alitumbukiza kifukofuko kimoja kwenye maji ya moto, akaitafuta ncha kwa kijiti. Uzi ukaja, mwembamba, wa kahawia, ukaendelea kuja mpaka akachoka kuuzungusha.

"Upo," akakiri. "Rangi tu."

"Mimi sikumwahidi kwa rangi," akasema mwenyekiti.

Tangu hapo nimesoma kila nilichopata kuhusu hariri. Wachina waliitunza siri yake karne nyingi, kisha mayai yakavushwa mipaka kwa kufichwa. Nailoni iliinyang'anya soksi, na sasa wataalamu wanaijaribu kwa kazi mpya za hospitali. Nimesoma pia kwamba watu wa Madagaska hufuma hariri ya kahawia ya viwavi wa porini, na kuwavika wafu wao kwa heshima. Katika vitabu vyote hivyo sijakutana na anayeuliza maji ya kuchemshia yanatoka umbali gani.

Kijijini kwetu mayai mengine hayakuletwa. Yule mama alipewa shamba lile lile la miforosadi, kwa kuwa hakuna mwingine aliyelitaka. Mvua za kwanza zilipoanza, aling'oa mstari mmoja na kuuacha mmoja, akapanda muhogo katikati. Nilimwuliza mbona hakuing'oa yote.

"Watoto wanapenda matunda yake," alinijibu, akaendelea kulima.