Nilivyotubu Kwenye Chapati za Warusi

Jamani, aibu hii mume wangu hajui hata nusu yake, lakini leo nichekeni tu, maana bustani nzima ya Warusi walishanicheka.

Galina, msimamizi wetu kule ghalani tunakopakia maboksi, alitualika kwenye sikukuu ya Warusi wenzake ya kuiaga baridi, kwenye bustani ya mtaa wa Clintonville, huku ughaibuni tunakoishi. Nilikuwa nimemwomba anitoe shifti ya jioni anipe ya asubuhi (nikitoka wanangu wako shule, nikirudi wamelala, na hilo linaniuma kweli), nikajiambia, nenda, akuone, akukumbuke. Basi Jumapili tukitoka kanisani nikamburuta rafiki yangu Mama Furaha, Mkongo wa Bukavu, tukapanda basi na vitenge vyetu chini ya makoti.

Theluji ilikuwa bado chini, na katikati wamesimamisha sanamu la majani makavu, limevishwa gauni na kitambaa cha kichwa, linasubiri kuchomwa moto.

"Banachoma mutu?" Mama Furaha akashtuka. "Bon, miye ninarudia kwetu!"

Kilichomtuliza ni chapati za maji, nyembamba kama zetu, na jamu juu. Nilikuwa na ya tatu mdomoni Galina alipokuja, akainamisha kichwa mbele yangu, akasema, "Nisamehe kwa yote niliyokukosea."

Sasa mimi nimekulia kambini Kigoma, kwenye kanisa la uamsho, na kwetu mtu akitubu mbele yako hadharani humwachi hivi hivi, nawe unatoa la kwako, tena unalitaja. Machozi yakanitoka, nikamshika mikono, nikapaza sauti kwa Kiingereza changu cha ghalani: "Nisamehe na mimi! Ni mimi ninayeigiza unavyotembea, kila jioni ukishaondoka, mpaka watu wanamwaga chai!"

(Kumbe siku ile kila mtu humwambia kila mtu maneno yale, unajibu "Mungu asamehe", unaendelea kula.)

"Weye, funga kinywa," Mama Furaha akaninong'oneza, lakini nilikuwa nimeshamaliza.

"Nionyeshe," akasema Galina.

Nikadhani anatania. Hakuwa anatania. Basi nikatembea, mikono nyuma, kidevu juu, nikikagua maboksi yasiyokuwepo, na kwa woga nikazidisha madoido, mguu ukateleza, nikadaka gauni la lile sanamu tukaanguka wote wawili, mimi chini, lenyewe juu. Watu walicheka wakashika mbavu. Galina peke yake hakucheka. Aliniinua, akanipangusa majani, akasema, "Mungu asamehe," akageuka akaenda zake, mikono nyuma, kidevu juu, na watu wakaanza kucheka upya.

Jumatatu nilikwenda kazini nikijua nimejichongea. Kwenye ratiba nikakuta jina langu: asubuhi! Nikamkimbilia kumshukuru.

"Usinishukuru," akasema. "Jioni sikuoni."

Siku hizi nakula chakula cha jioni na wanangu, namshukuru Mungu, ila cha mchana nakula Galina akiwa meza ya mbele, ananitazama. Nimeapa: mtu yeyote akiniomba tena msamaha kwenye sherehe ya watu, nitamsamehe kwa kichwa tu, mdomo ukiwa umejaa chapati.