Ubao wa Masikio

Siku nilipomwona Kashindye kwa mara ya kwanza, ukungu ulikuwa umelala juu ya mbuga ya Usangu, na mimi nilikuwa napiga randa kibandani kwangu, kando ya barabara, pale Madibira. Niliinua macho nikaona weupe unasogea ndani ya weupe. Nilidhani ni ndege, yangeyange. Kisha pembe zikatokea, migongo ikatokea, na mbele ya ng'ombe wote akatokea mwanamke mrefu, fimbo begani, anatembea kama mtu ambaye bado hajaamka vizuri. Alipofika mbele yangu akasimama, na ng'ombe nao wakasimama.

"Mwangaluka, fundi," akasema.

"Kamwene," nikajibu, macho kwenye randa.

"Ndiyo salamu ya kwenu?"

"Ndiyo."

"Basi kamwene. Na hiyo kofia ya sufu kwenye jua la huku, nayo ni ya kwenu?"

Mimi ni mtu wa Kilolo, milimani, kwenye baridi. Kofia ile alinifumia mama, na nilishazoea kuivuta hadi kwenye nyusi kila ninapozungumza na watu. Alicheka, akapita, ng'ombe wakamfuata, na ukungu ukawafunga wote tena. Nilibaki na harufu ya maziwa na vumbi, nikijiuliza kama kweli kuna mtu aliyepita.

Ulikuwa mwaka wa sabini na sita. Wasukuma walikuwa wameanza kuteremka kutoka kaskazini na mifugo yao, wakifuata majani ya Usangu. Kashindye alikuwa mjane, anaishi na kaka yake Nkuba ng'ambo ya mto. Mara ya pili alikuja peke yake, akaketi juu ya gogo.

"Nichongee masikio, fundi."

"Masikio?"

"Ya ng'ombe. Ya mti. Mawili mawili, kushoto na kulia."

Nilidhani ananitania. Akanieleza taratibu, huku akichora mavumbini kwa kidole. Kila ukoo, wao na wenyeji pia, hukata masikio ya ng'ombe wake kwa namna yake: huyu kwa pembeni, yule kwenye ncha, mwingine kwa chini. Sikio ndilo jina la ng'ombe. Sasa wakati wa masika mtamba wa watu aliingia usiku katika kundi la Nkuba. Nkuba akamlisha na kungoja mwenyewe aulizie. Mwenyewe hakuulizia, alikuja na mikuki. Mkutano wa kijiji ukaamua kwamba jambo hilo likitokea tena, boma la Nkuba lihame.

"Nimehama sana, fundi," alisema. "Kila nilipopanda maboga, walioyala ni wengine. Hapa nataka nile maboga yangu."

Alichotaka ni ubao wenye misumari. Anayepata ng'ombe mgeni kundini mwake achukue masikio mawili ya mti, ayakate kama alivyoyaona, ayatundike. Aliyepotelewa afanye vivyo hivyo kwa masikio ya ng'ombe wake. Apitaye atatambua. Si lazima mtu ajue kusoma, wala si lazima aseme neno. Mimi nisiyependa kusema na watu nilimwelewa mara moja. Nilichukua vipande vya mninga vilivyobaki kwenye kazi nyingine, nikachonga mpaka kibanda kizima kikawa na masikio mekundu kila mahali, yakinisikiliza.

Kazi ikawa ni kupata mahali pa kuuweka ubao wenyewe.

Tulianza kwa Saulo mwenye duka, mtu aliyeleta bidhaa zake kutoka Mbeya na kujisifu nazo kama watoto wake.

"Baraza langu lina bati, lina karabai, na mimi niko wazi hata sikukuu," alimwambia Kashindye, akimwita mama kwa Kisukuma. "Nipe ndama kila mwaka, mayu, ubao wako ukae kama bibi harusi. Lakini uwe mkubwa, ukuta mzima!"

"Ukuta mzima wa nini?" Kashindye akamuuliza. "Ng'ombe wanaopotea huku hawajazi kiganja changu."

"Wataongezeka."

"Basi waongezeke kwanza, ndipo nijenge ukuta. Na ndama wako akipotea, nani atamtafuta?"

Katekista Bartholomeo alitupa ukumbi wa kanisa bure, ila lango la uzio hufunguliwa Jumapili tu.

"Ng'ombe hangoji Jumapili apotee, mwalimu," Kashindye alimwambia kwa upole. Katekista akakubali, akacheka, akatubariki tuendelee kutafuta.

Likabaki josho. Pale hapakuwa na kodi, na hakuna kundi ambalo halikupita kuogeshwa. "Hapa ndipo," alisema, nami niliona hivyo hivyo. Nikachimbia nguzo mbili, nikaufunga ubao, nikaezeka kwa manyasi juu yake. Ulipendeza.

Kiangazi kikaja. Hakuna aliyetundika kitu. Masikio yasiyokatwa yalining'inia kwenye kamba za katani, na jioni upepo ukitoka upande wa mabwawa yaligongana taratibu, kama kengele za kundi lililo mbali sana. Nilipita pale mara nyingi, kazi ikiwepo au isiwepo, nisikilize tu. Mara nyingine nilimkuta Kashindye naye amesimama. Tulisikiliza pamoja. Jua lilizama, mbuga ikawa nyekundu, kisha rangi ya majivu, kisha haikuwepo.

Ndipo dume la Mzee Mika likapotea, jeusi lenye paji jeupe. Mika alikuwa Msangu mwenye kauli kijijini, na kabla hata hajasema neno, watu walishaanza kutazama ng'ambo ya mto. Nkuba hakuwa nalo. Lakini alianza kufunga vyungu kwa kamba, maana alijua macho yale.

Kashindye alikuja kibandani akaketi juu ya gogo lake.

"Jana nilimwona mtu anaufikia ubao," alisema. "Ameshika sikio, amechomoa kisu. Bwana mifugo wa serikali akafungua mlango wa josho, kitabu chake cha kuhesabia ng'ombe mkononi. Yule mtu akaliachia sikio kama limemuunguza. Nani ataonyesha kwamba ana ng'ombe aliyezidi mbele ya anayehesabu? Nilitafuta mahali pa bure, kumbe ni mahali pa kuogopa."

Kisha akauliza, "Fundi, wewe ungepata ng'ombe wa watu zizini kwako, ungemwambia nani kwanza?"

"Sijui."

"Ungekuwa na mke?"

Nilivuta kofia. "Ningemwambia mke."

"Kabla ya bwana mifugo?"

"Kabla ya Mungu," nikasema, na sijui ujasiri ule ulitoka wapi.

Kashindye alicheka mpaka akafuta machozi. Kisha akaacha kucheka, akanitazama kama mtu aliyeitwa kwa mbali. "Kaung'oe ubao," akasema. "Tunaupeleka mashineni."

Mashine ya kusaga ilikuwa ya Mama Matilda, mama mnene wa Kibena aliyekuwa na unga kwenye kope tangu Jumatatu hadi Jumamosi. Alituona na ubao wetu akaweka mikono kiunoni.

"Mayu, hapa wanaume hawafiki. Mwanaume akionekana na debe la mahindi kwangu, watasema amerogwa. Na ng'ombe ni mambo ya wanaume."

"Ndiyo maana nimekuja kwako, mama."

"Na kodi?"

"Kibuyu cha maziwa kila nikija kusaga. Na unga juu ya ubao nitaupangusa mwenyewe."

"Mashine yangu husimama, usije ukalalamika. Dizeli ikikosekana Mbeya, huku ni kimya."

"Isimame tu. Ubao haunywi dizeli."

Mama Matilda akacheka, unga ukamdondoka. "Tundika."

Sikupaswa kuwa pale, lakini mlango wa mashine ulikuwa umelegea, nami nikachukua muda wangu kuutengeneza. Mashine ilinguruma, hakuna aliyemsikia mwenzake, na unga ulikuwa hewani kama ule ukungu wa asubuhi ya kwanza. Ndani ya weupe ule nilimwona Juliana, mke wa Mika, akichukua masikio mawili ya mninga na kisu cha jikoni. La kushoto akalikata ncha, la kulia akalichonga pembeni. Akayatundika. Wanawake wakapita mmoja mmoja na ndoo zao, wakiyagusa kwa vidole. Mmoja wa upande wa mabwawa alisimama sana. Alilishika lile la kulia kama unavyomshika mtoto sikio unapomnong'oneza. Kisha akajitwisha unga wake akaondoka.

Asubuhi moja baadaye Mika alifungua zizi akakuta dume lake limesimama nje, linacheua, umande mgongoni. Hakuna aliyeonekana kulileta.

Kwenye mkutano wa kijiji Mika alisimama. "Dume langu limerudi. Limerudije, sijui, na sitaki kujua. Boma la Nkuba likae."

"Na ubao?" mtu akapaza sauti.

"Ubao ni wa wake zetu. Mimi siujui."

Watu walicheka, wanaume kuliko wote. Nkuba akaenda nyumbani kufungua vyungu.

Tangu hapo masikio yalikuja na kuondoka. Hata dizeli ilipokosekana na mashine ikalala, wanawake walifika, wakaketi kwenye kimya kile, wakatazama, wakarudi makwao na habari. Kashindye alipangusa unga kwa mkia wa ng'ombe, na masikio yalitoka mekundu tena chini ya mkono wake. Nikiwa na kipande cha mninga nilimpelekea. Sikuwahi kumpelekea jambo lingine, ingawa nililibeba kila mara nilipokwenda.

Mwaka wa sabini na tisa baba yangu alifariki, ikabidi nirudi Kilolo kushika shamba. Siku ya kuondoka, lori likiwa linangoja barabarani, nilipitia mashineni. Kashindye alikuwa kwenye kizingiti, anakula boga la kuchemsha. Akanimegea kipande, kingali cha moto. Nilikula. Nilitaka kusema, nikasema, "Kamwene," salamu ya kufika, siyo ya kuondoka.

Hakunicheka. Aliinuka, akajipangusa mikono, akanitazama juu ya macho, pale kofia inapoanzia.

"Vua kofia, fundi, niyaone masikio yako. Ukipotea huko milimani, nijue nitundike yapi."