Kikao cha Siku ya Soko

Harufu ya omena iliyopigwa jua hunirudisha Khunyangu, nilipokuwa na miaka mitano. Mama aliuza dagaa hao sokoni, nami niliketi nyuma ya gunia nikimchosha kwa maswali. Wenzangu wa ng'ambo ya kijito walikuwa wameanza chekechea. Mimi bado, kwa kuwa darasa lilikuwa upande wao, na mvua ikikolea mtoto hawezi kuvuka. Niliitaka shule kuliko mandazi, na mandazi niliyapenda sana. Siku moja ya soko, mzee wa kijiji alipita akitangaza kwamba maafisa wa kaunti wako kanisani, wananchi waende waseme bajeti ya wadi ifanye nini. Nikauliza bajeti ni nini. "Ni serikali kupanga itanunua nini kabla haijaenda soko," mama akanijibu, huku akipima omena kwa gorogoro. Hakwenda. Nani angeacha biashara siku ya soko? Walikwenda wanaume, wakachagua josho la ng'ombe. Asiyekuwepo na lake halipo.

Mwaka uliofuata kikao kikaangukia siku ya soko tena. Safari hii kina mama walibeba vikapu vyao, wakavitandaza uani mwa kanisa, mbele ya meza ya wageni. Afisa mmoja akaziba pua. "Mama, hapa ni mkutano, si soko."

"Boss, nyinyi mmeleta mkutano siku ya soko, na sisi tumeleta soko kwa mkutano," mama akasema. "Sasa andika. Watoto wa huku wanataka darasa ya nasari." Wateja walikuwa wamewafuata, na mikono ilipohesabiwa, nao waliinua yao. Nilicheka mpaka nikapaliwa.

Darasa lilipitishwa, lakini mambo ya serikali hayana haraka. Kuta zilisimama bila paa, zikingoja bajeti nyingine, nao umri wangu haukungoja. Nilipoweza kuvuka kijito niliingizwa darasa la kwanza ng'ambo, nisijue hata kushika penseli. Wenzangu waliandika majina yao. Mimi nilichora vijiti na kulia. Mabati yalipopigwa, aliyeingia chekechea ni mdogo wangu. Siku hizi tangazo la kikao huja kwa simu, na kina mama wa kwetu Marachi huuliza kikao ni siku gani kabla ya kuuliza ni cha nini. Nikipita penye darasa lile huchungulia dirishani, nikawaona watoto wakiimba herufi. Nafurahi kwamba wapo. Na bado nawaonea wivu.