Viganja vya Asubuhi

Shangazi yangu ana sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya mto, na anaitumia hata kwa mtu aliyekaa naye benchi moja. Ni muuguzi wa zahanati ya mtaa wetu, mwaka wa ishirini na nane sasa. Watoto aliowachoma chanjo zamani wanamletea watoto wao, na wote, wakubwa kwa wadogo, humwita Mama Sindano. Anajifanya jina hilo linamuudhi. Anadanganya.

Simu ya kupangusa aliipata akiwa mtu mzima, na mwezi wa kwanza aliishika kwa vidole viwili, mbali na mwili, kama nepi iliyotumika. Kisha akagundua kwamba kwa simu ile anaweza kumkaripia mgonjwa bila kumngoja aje kliniki. Hapo mapenzi yakaanza. Akaunda kundi la wagonjwa wake wa kisukari na presha, watu arobaini na mmoja, ambao zamani walikuwa wakipotea miezi mitatu mpaka miguu ivimbe. Sheria ya kundi ni moja: kila asubuhi unaweka kidonge kiganjani, unapiga picha, unatuma, ndipo unameza. Asiyetuma hadi saa nne hupigiwa simu, na hakuna anayeitamani simu hiyo.

Kwa hiyo siku yake huanza na viganja. Hukaa kwenye kiti cha chumba cha sindano, miwani imeshuka puani, anavipitia kimoja kimoja na kuvisemesha. "Seremala bado hajafunga kile kidonda. Na huyu mwalimu, chaki mpaka kwenye dawa!" Majina hayaangalii, anawajua kwa mikono yao. Na dawa wanakunywa, jamani. Watu waliokuwa wakifukuzana naye sasa wanashindana nani atangulie kutuma.

Kiganja anachokitafuta kwanza ni cha baba yangu, mdogo wake wa mwisho, fundi viatu. Baba ana kisukari mwaka wa tisa, na kiganja chake hakikosi gundi, leo hapa, kesho pale.

Mwaka jana Shangazi alipelekwa kwenye kampeni ya chanjo kwa wiki mbili, akazunguka mitaa ya mbali na boksi lake la barafu. Viganja aliendelea kuvikagua garini, harakaharaka, mtandao unakuja na kuondoka. Siku ya kumi na mbili gari lilikwama kwenye tope, akapata nafasi ya kutazama vizuri. Akakuza picha ya Baba. Akarudi kwenye ya jana, kisha ya juzi, kisha ya wiki iliyopita. Gundi ile ile, mahali pale pale, chini ya kidole gumba. Baba alikuwa akituma picha ile ile moja kila siku.

Mimi nilikuwa kibandani kwa Baba, nimempelekea chakula cha mchana, Shangazi alipoingia na sare yake imetapakaa tope. Hakusalimia.

"Mdogo wangu, nipe mkono."

"Dada, si ukae kwanza upumue..."

"Mkono!"

Kipimo cha sukari kikasoma ishirini na sita, juu mno. Ndipo akauona mguu wa kulia, ambao Baba alikuwa ameuficha nyuma ya rundo la viatu. Akamvua soksi mwenyewe. Kidole cha mwisho kilikuwa cheusi.

"Dawa umeacha lini?"

"Wiki na kitu. Nakunywa maji ya yale majani. Yale ya kwenye sauti."

"Sauti gani? Mjinga gani kakudanganya?"

Baba akamtazama kwa mshangao wa kweli. "Si wewe, dada?"

Akamwonyesha simu. Sauti ya mwanamume asiyejulikana, tamu kweli kweli, ikieleza jinsi ya kuchemsha majani yanayomaliza sukari kabisa, na juu yake namba ya Shangazi. Shangazi akatoa simu yake. Siku aliyoondoka, mgonjwa mmoja alikuwa amemtumia upuuzi ule, naye akamrushia Baba wacheke pamoja. Chini yake aliandika: "Sikia wendawazimu huu! Usije ukathubutu." Sauti ilifika. Maneno hayakufika. Mtandao ulikatika katikati, na yalikuwa bado yamekaa kwenye simu yake na alama nyekundu pembeni.

"Sasa picha ulikuwa unazituma za nini?" akauliza. Sauti yake ilikuwa ndogo, sikuwahi kuisikia hivyo.

"Nilidhani umenipenyezea siri ya kazini. Kwamba wakubwa wako hawaruhusu kuisema. Wenzangu wangeona situmi, wangeuliza. Nikasema nikufichie."

Shangazi akaketi sakafuni, katikati ya viatu vya watu, akalia. Nami nililia. Niliyaona majani yale jikoni kila siku, nikadhani Baba ameamua tu kuacha chai.

Hospitali walikikata kidole, mguu ukapona. Hakuna mtu mwingine aliyejua chanzo, na Shangazi angeweza kunyamaza. Badala yake alijirekodi sauti na kuituma kwenye kundi, dakika nne nzima, bila kumkaripia mtu: sauti ile ni uongo, aliyemtumia ndugu yake ni yeye, na ndugu yake amepoteza kidole. Kabla ya jioni watu sita walikiri kwamba na wao walikuwa wakichemsha majani. Wote wakarudi kwenye dawa.

Siku hizi Baba anasukumia kitambaa kwenye ncha ya kiatu cha kulia na kusema ameshona vingi vibaya kuliko hicho. Picha zake ni mpya kila asubuhi. Huweka kiganja chenye kidonge kando ya mguu, na chini yake huandika: "Dada, kidonge kimoja, vidole vinne. Wote tupo."

Shangazi humjibu neno moja tu, "Nimeona." Kisha huishikilia simu, hata foleni ya akina mama ikianza kunung'unika mlangoni, mpaka ahakikishe kwamba limefika.