Wimbo Mmoja wa Reggae

Nilipomaliza high school niliingia bendi ya rock na ndugu wawili kutoka Trinidad. Mkubwa alikuwa anaimba na kupiga gitaa, mdogo besi, mimi Mkenya nikakaa kwa drums. Mazoezi yalikuwa kwa basement yao, Saint Paul, huko Marekani.

Kila baa ya Minneapolis, mji wa jirani, tuliyoingia, mtu akisikia Trinidad aliitisha reggae. Mkubwa alikuwa anaongeza tu sauti ya gitaa. Watu wakakipenda hicho kiburi, baa zikaanza kujaa.

Halafu mwenye baa moja kubwa akasema tukipiga reggae moja tu, atatupa show za summer yote. Siku ya mazoezi mdogo, aliyekuwa anaosha vyombo kwa hoteli, akasema tukubali.

"Kwani wewe ni mtalii, unataka reggae?" mkubwa akamuuliza.

"Mtalii haoshi vyombo vya watu, bro."

Wakaniangalia mimi. Nilizitaka sana hizo show, kwa hivyo nikaanza mdundo wa reggae, na besi ikafuata. Mkubwa akachomoa waya wa gitaa, akaukunja vizuri kama kawaida yake, akapanda ngazi.

Sisi wawili tulipiga huo wimbo mpaka mwisho. Bila gitaa haikusikika kama reggae. Summer ilipofika, ile baa ilikuwa na bendi ingine.