Plagi Husomwa Juu Kilimani

Saa moja na robo asubuhi, fundi amechuchumaa kando ya barabara, juu ya kilima chenye mnara wa simu. Mkono wa kulia una spana ya plagi, wa kushoto una glavu nene iliyoungua ncha za vidole. Hafanyi lolote. Anasikiliza.

Kilomita tatu chini ya hapo, pikipiki imewashwa. Mlio wake unapanda, unapotelea kwenye kona, unarudi. Fundi anahesabu gia kwa midomo bila kutoa sauti. Mpita njia angedhani anasali, na asingekuwa mbali sana na ukweli.

Waendesha pikipiki wa mtaani kwao humwita Mama Plagi. Ana miaka thelathini na tisa, mikono yenye makovu ya ekzosi, na kazi moja anayoijua kuliko zote: kupatanisha hewa na petroli ndani ya injini zilizochongwa ili ziwe na nguvu zaidi. Anayepanda kilima leo ni shemeji yake, mume wa dada yake mkubwa. Pikipiki ni ileile iliyomvunja mguu miezi minane iliyopita, na aliyeichonga kabla ya ajali ile ni fundi huyuhuyu.

"Injini ikinoki tena, ikakwama njiani, spana naiweka chini moja kwa moja," anamwambia mwandishi wa habari hii, macho hayatoki barabarani. "Lakini spana si kitu. Nitakuwa nimempoteza dada yangu, na huyo simpati dukani."

Shemeji husambaza mitungi ya gesi kwa wakazi wa huku juu. Pikipiki yake ilipotoka kiwandani haikuwa na kifua cha kupandisha mitungi mitatu. Ilisimama njiani mara mbili ili ipoe, na wateja wakapika wamechelewa. Akaomba ichongwe. Fundi akapanua silinda, akafunga kabureta kubwa zaidi, akafungua njia ya hewa. Kazi ilimchukua siku sita, na mpaka leo anasema ilikuwa nzuri.

Tatizo likabaki kwenye jeti ya kabureta, kipande cha shaba kisichozidi ukucha, chenye tundu linalopitisha petroli. Tundu likiwa kubwa mno, mafuta yanazidi, injini inakohoa na kutoa moshi mweusi. Likiwa dogo mno, hewa inazidi, na hapo ndipo penye mtego. Injini iliyozidiwa hewa kidogo haikohoi. Inakuwa nyepesi, inaitika upesi, dereva anatabasamu peke yake barabarani. Wakati huohuo ndani kuna moto unaokula pistoni.

"Injini inayokaribia kufa huwa na sauti tamu sana," anasema. "Hilo nililijua tangu nikiwa mwanafunzi. Nililijua, na bado nikadanganyika."

Alivyodanganyika ni hivi. Fundi asiye na vipimo vya kisasa hufungua plagi, inayotoa cheche ya kuwasha injini, akaisoma rangi: nyeusi maana yake mafuta yamezidi, nyeupe hewa imezidi, kahawia ya ngozi ya mkate mambo ni sawa. Siku ile shemeji alipanda kilima kwa kasi, akageuza, akashuka, akapita sokoni mwendo wa kinyonga huku akisalimiana na kila mtu, akafika gereji. Plagi ikafunguliwa na kukutwa kahawia safi. Vijiwe vyote vilikuwa vimeisifia ile sauti, na fundi, kwa maneno yake mwenyewe, kichwa kilikuwa kimevimba. Akasema nenda.

Ila rangi ile ilikuwa ya sokoni, haikuwa ya kilimani. Injini inayotembea polepole hunywa mafuta kwa njia nyingine kabisa, na masizi ya mwendo huo yalikuwa yameifunika plagi. Weupe ulikuwa chini yake.

Siku ya nne tangu itoke gereji, pistoni ikatoboka katikati ya mwinuko. Gurudumu la nyuma likakwama ghafla, mitungi ikabingirika mtaroni, na mguu wa shemeji ukavunjika mahali pawili. Alikaa hospitali wiki tano. Dada alikuja gereji mara moja tu, akiwa bado na kadi ya wodi mkononi, akamwambia mdogo wake asiguse tena kitu chochote cha mume wake. Hakupaza sauti. Fundi anasema afadhali angepaza.

Habari za aina hii hazihitaji gazeti. Kabla ya ajali alikuwa akipokea injini sita hadi saba kwa wiki. Baada ya hapo zikawa mbili, na wiki nyingine hakuna hata moja. Aliziba pancha, akabadilisha minyororo, akajikausha alipotaniwa. Kuna aliyeuliza kama anauza na majeneza. Alicheka naye, anasema, kisha akaenda kulia nyuma ya mapipa ya oili chafu.

Aliyemrudisha kwenye kazi ni yuleyule aliyeumia. Mwezi uliopita shemeji alikuja akichechemea, anaisukuma pikipiki, akamwambia hakuna fundi mwingine anayejua alichokichonga humo ndani. Fundi akakataa. Shemeji akaketi kwenye tairi bovu na kusema hana haraka. Aliketi mpaka gereji ikafungwa, na kesho yake akarudi na gazeti la kusoma. Mwishowe fundi akakubali, akafunga pistoni mpya, kwa sharti kwamba kosa la sokoni halirudiwi.

Ndiyo maana leo plagi inasomewa juu. Sheria mpya ya fundi ni kwamba pikipiki ipande kilima ikiwa imevutwa mafuta mpaka mwisho, ifike mnarani, izimwe papo hapo bila kupunguzwa mwendo. Rangi itakayokutwa ni ya kilima na si ya mahali pengine. Tena siku hizi anaanza na jeti kubwa, anashuka kidogo kidogo, kwa sababu moshi mweusi haujamvunja mtu mguu.

Mara ya kwanza leo, kwa jeti namba mia moja na ishirini, plagi ilitoka nyeusi tii. Akabadilisha palepale kwa jeti namba mia moja na kumi na tano, na mara ya pili ikatoka kahawia. Shemeji alilalamika kuwa ni nzito kidogo, akaomba ipunguzwe kidogo tu.

"Uliponiomba nguvu mara ile nilikusikiliza," fundi akamjibu. "Leo naisikiliza plagi, shemeji. Kajipakie mchanga."

Imebaki safari ya mzigo. Chini kilimani kuna magunia mawili ya mchanga yaliyopimwa jumla ya kilo sabini na tano, ya kupakiwa badala ya mitungi, na sasa mlio unapanda. Gia ya tatu. Kona. Gia ya pili, mlio mzito, haukatiki. Pikipiki inajitokeza, na fundi anasimama wima.

Nyuma ya shemeji hakuna mchanga. Kuna mwanamke mnene mwenye helmeti iliyokaa upande, amemkumbatia mumewe kwa mikono yote miwili, macho ameyafumba. Ni dada.

Injini inazimwa. Fundi anauliza nani ameruhusu upuuzi huu, na shemeji anainua mikono kama aliyekamatwa. Anaeleza kuwa alimkuta mkewe chini akimsubiri, naye akaamuru mchanga ushushwe.

"Nilimwambia kama mnaiamini, nipakieni mimi," dada anasema akishuka. "Kama hamuiamini, na mume wangu ashuke. Fungua hiyo plagi."

Fundi anafungua. Anaitoa, anaigeuza juani, na machozi yanamtoka. Ni kahawia, pande zote.

Dada anaitazama muda mrefu, anauliza kama hiyo ndiyo rangi yenyewe. Anaambiwa ndiyo. Anaguna, anaketi kwenye ukingo wa barabara na kuvua viatu.

Mwandishi alipomuuliza fundi mipango yake, alionyesha kwa spana uwanja mdogo ulio wazi kando ya mnara. Anataka kuomba kibali ajenge banda hapo, la mabati, lenye benchi na sanduku la jeti, ili plagi ya kila injini anayoichonga isomwe ikiwa bado ya moto. Waendesha pikipiki watatu wameshamuuliza lini ataanza. Anadhani miezi sita itatosha.

Dada, ambaye huuza chai kituo cha mabasi, alikuwa akisikiliza huku akisugua nyayo zake. Aliupima uwanja kwa macho, kutoka mnarani hadi barabarani.

"Mabati yafike mpaka pale," alisema. "Hao wanaosubiri plagi zao watakunywa chai. Jiko langu nitaliweka upande wako."